Ndege Zisizo na Abiria: Biashara Inapothubutu Katikati ya Mdororo

Mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho uzalishaji na matumizi ya nchi hushuka kwa miezi kadhaa mfululizo, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba masoko yote husinyaa kwa pamoja, ilhali kinachotokea mara nyingi ni mahitaji kuhama kutoka bidhaa moja kwenda nyingine, na anayewahi kuona yanakohamia hupata nafasi ambayo washindani wake, wakiwa wameshughulika na kupunguza matumizi tu, hawaioni. Sekta ya usafiri wa anga katika mwaka 2020 ni mfano wa wazi wa jambo hilo.

Katika mwaka huo, kutokana na janga la Uviko-19, usafiri wa abiria kwa ndege duniani, ukipimwa kwa idadi ya abiria na umbali waliosafiri, ulipungua kwa takriban asilimia 66 ukilinganishwa na wa mwaka 2019. Air Mauritius iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Aprili, Lufthansa ya Ujerumani ikahitaji mpango wa uokoaji wa euro bilioni 9, na Kenya Airways ikafunga mwaka kwa hasara ya shilingi bilioni 36.2 za Kenya. Shirika la Ndege la Ethiopia, ambalo nalo lilipoteza abiria wake wengi, liliendelea bila fedha za uokoaji kutoka serikalini na likaripoti faida.

Ili kuelewa lilivyoweza, ni lazima kwanza kufahamu kwamba karibu nusu ya mizigo inayosafirishwa kwa anga duniani, katika nyakati za kawaida, hubebwa chini ya sakafu ya ndege zilezile zinazobeba abiria. Ndege hizo zilipoegeshwa, nafasi ya mizigo ilitoweka ghafla, tena wakati ambapo barakoa, vipimo na vifaa vya hospitali vilihitajika kila nchi kwa haraka, hivyo bei ya kusafirisha kilo moja ikapanda kwa kasi. Janga lililoua soko la abiria ndilo lililofanya nafasi ya mizigo kuwa adimu. Uongozi wa shirika hilo, chini ya Tewolde GebreMariam, uliamua kung'oa viti katika ndege zipatazo 25 za abiria ili ziweze kubeba mizigo, na kazi hiyo ikafanywa na mafundi wa shirika lenyewe mjini Addis Ababa. Mwezi Machi 2020 msaada wa vifaa vya tiba uliotolewa na mfuko wa Jack Ma, tajiri wa China, kwa nchi za Afrika ulipokelewa Addis Ababa, na kutoka hapo ukasambazwa barani na ndege za shirika hilo.

Uamuzi wa kung'oa viti husifiwa kama ujasiri, na sifa hiyo inastahili, lakini ulikuwa na tabia moja ambayo wasifiaji huisahau: ungeweza kutenguliwa. Kiti kilichong'olewa hurudishwa, na ndege iliyoegeshwa hula gharama hata isiporuka, kwa kuwa malipo ya ukodishaji, bima na matengenezo ni gharama zisizobadilika, yaani zile ambazo mfanyabiashara hulipa auze asiuze. Kilichowekwa rehani katika jaribio hilo kilikuwa kidogo kuliko kinavyoonekana kwa mbali. Hatari ya aina nyingine kabisa ni ile ya kukopa kwa riba kubwa ili kujenga kiwanda kwa matumaini kwamba soko litarejea mwakani. Anayekopa hivyo akikosea, hana cha kurudisha mahali pake.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ujasiri wa mwaka 2020 ilikuwa imelipiwa zamani. Shirika lilikuwa na ndege maalumu za mizigo, lilikuwa na kituo kipya cha mizigo kilichofunguliwa mwaka 2017 katika uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, na lilikuwa limezoea kusafirisha maua ya Ethiopia kwenda Ulaya, hivyo wateja, vyumba vya baridi na wafanyakazi wenye ujuzi vilikuwapo kabla ya janga. Kampuni isiyo na akiba ya fedha taslimu wala ujuzi wa pili, hata ikiiona fursa ileile siku ileile, haina mkono wa kuinyooshea.

Gharama hazikukosekana. Shirika lilikosolewa vikali, hasa Februari 2020, kwa kuendelea kuruka kwenda China wakati wengine walisitisha, na mwezi Julai ndege yake moja ya mizigo iliungua ikipakiwa katika uwanja wa ndege wa Shanghai Pudong, China. Wala si busara kulichukua kama kielelezo cha kila biashara, kwa maana ni mali ya serikali, nalo limejikita katika kitovu kinachounganisha Afrika na Asia, neema ambayo mwenye duka au karakana hana. Mwenye duka anaweza kuiga kipimo chake tu: kubadilisha kwanza kile kinachoweza kurudishwa, kwa kutumia rasilimali ambayo tayari imekaa bure, kabla ya kugusa fedha ambazo mshahara na kodi ya pango vya mwezi ujao vinazisubiri.