Si spika, ni ukuta

Ndugu zetu wa Pwani wanaoishi Donholm na mitaa jirani ya Eastlands, Nairobi, wanalijua hili. Ijumaa khatibu amepanda mimbari, spika zimefunguliwa hadi mwisho, sauti imejaa ukumbi, lakini maneno hayashikiki. Lawama humwendea fundi wa mitambo. Mara nyingi kosa si lake, ni la chumba.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ikigonga saruji, kioo au vigae, hurudi karibu yote. Ukuta ukiwa umbali wa mita 17 au zaidi, sikio hulisikia neno mara mbili. Huo ni mwangwi. Vyumba vingi vya mitaani ni vidogo kuliko hapo, kwa hivyo sauti hurudi upesi, tena na tena, kutoka kuta, dari na sakafu. Silabi ya kwanza haijazimika, ya pili imeshaipanda juu. Huo ni mvumo. Ukiongeza spika, na mvumo nao waongezeka.

Mwaka 1895, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara usiosikika. Mvumo wake ulidumu zaidi ya sekunde tano. Aliingiza mito ya viti, na kila alipoongeza mto, mvumo ulipungua. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwani sauti ikitoka hapo hairudi.

Tazama nyumba zetu za kale za Lamu: ua wazi, mikeka chini, boriti darini, zidaka ukutani. Vingine huimeza sauti, vingine huitawanya.

Jambo hili ni zito zaidi madrasa. Mtoto hutofautisha thaa, sin na swad kwa mlio mdogo sana, na mlio huo ndio wa mwanzo kuzama ndani ya mvumo. Vipi ataisahihisha herufi asiyoisikia?

Basi kamati, kabla ya kuchangisha pesa za spika kubwa, ipige kofi moja ukumbi ukiwa mtupu. Kofi likiacha mkia mrefu, anzeni na zulia nene, mapazia mazito na rafu za vitabu ukutani. Fungueni madirisha. Spika ziwe ndogo, karibu na wasikilizaji, na sauti ipunguzwe. Khatibu naye asiharakishe maneno. Majirani wa ghorofani pia watashukuru.