Kuunganisha Amana na Ulinzi wa Haki za Wanufaika

Amana, katika sheria za Marekani, ni mpango ambao mtu hukabidhi mali yake kwa mdhamini ili aisimamie kwa faida ya watu wengine, waitwao wanufaika. Kwa kuwa wazazi na mababu wa ukoo mmoja huanzisha amana kwa nyakati na hati tofauti, hutokea watoto walewale wakawa wanufaika wa amana mbili au tatu zenye masharti yanayokaribiana, huku kila moja ikidai akaunti, hesabu na ritani yake ya kodi. Gharama hizo zote hukatwa katika mali iliyokusudiwa kuwatunza, na ndiyo maana sheria huruhusu amana kuunganishwa.

Kifungu cha 417 cha Uniform Trust Code, ambayo ni sheria ya kielelezo iliyotungwa mwaka 2000 na kupokewa na majimbo mengi, humruhusu mdhamini kuunganisha amana bila kwenda mahakamani, mradi awaarifu wanufaika wanaostahili taarifa, na mradi muungano usidhoofishe haki ya mnufaika yeyote wala kukwamisha lengo la amana. California, kwa upande wake, huelekeza katika kifungu cha 15411 cha Probate Code kwamba mdhamini au mnufaika apeleke ombi mahakamani, na kwamba masharti ya amana husika yawe yamefanana kwa kiasi kikubwa.

Ugumu hujitokeza pale masharti yanapoachana katika jambo la msingi. Iwapo amana moja humkabidhi mjukuu mali afikishapo miaka 25 na nyingine humtaka angoje hadi 35, au iwapo warithi wa mwisho wa amana hizo si walewale, kuzichanganya ni kumpa mmoja kilicho cha mwingine. Vivyo hivyo, amana iliyosamehewa kodi inayotozwa mali inaporuka kizazi, ikichanganywa na isiyosamehewa, huzaa amana yenye msamaha wa sehemu tu.

Kwa hiyo, mdhamini mwaminifu hulinganisha hati kifungu kwa kifungu, huwaeleza wanufaika kwa lugha wanayoielewa ni nini kitabadilika, na penye shaka huomba idhini ya mahakama kabla ya kuhamisha mali. Kupunguza gharama ni sababu njema ya kuunganisha amana, lakini haitoshi kuhalalisha kumpunguzia mtu hata sehemu ndogo ya haki aliyowekewa.