Mimi, Mume Wangu na Prado Bovu

Hebu niambie ukweli, mpenzi msomaji. Ukigundua mwenzi wako anakuficha jambo, kitu cha kwanza kinachokujia kichwani ni nini? Mtu mwingine, si ndiyo? Basi na mimi nilipoona kwenye simu ya mume wangu meseji ya "Nimepokea laki 5, Mungu akubariki", nilikaa kitandani nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama yangu. Kumbe mwenzangu mwenyewe alikuwa Prado.

Jeupe, la dizeli, la mwaka 1999, tairi la akiba limebebwa mgongoni. Muuzaji, mzee mmoja anayeishi mitaa ya Mbezi Beach, alikuwa anataka milioni 14. Mume wangu alishatoa advansi bila kuniambia, bila karatasi, bila hata fundi kufunua boneti. "Nilitaka iwe sapraizi," akasema. Sapraizi! Jamani, sapraizi ni maua. Pesa yenyewe ilikuwa milioni 18 tulizozikusanya miaka mitatu kwa ajili ya kiwanja, na tulishaanza kuzunguka Madale na Goba kuangalia.

Niliwaka. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wakwe wanasoma gazeti hili. Nilimwambia anataka gari la kuonekana baa, la kuegesha mbele za watu na kuning'iniza funguo kidoleni. Hakunijibu. Akasema tu, "Twende na fundi ukalione, halafu uamue wewe."

Mkono juu ya boneti

Fundi wetu ni kijana mpole anayetutengenezea IST yetu tangu tuinunue. Jumamosi hiyo tulipofika alimsalimia mzee shikamoo, akauliza kama gari imewashwa leo. Mzee akasema haijaguswa tangu juzi. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa nacho pale kama anayempima mtoto homa, kisha akasema taratibu, "Mzee, hii juzi imekaa na joto muda mrefu." Nilicheka mpaka nikaona aibu.

Baadaye ndiyo akatueleza kwa nini muuzaji hupenda kulipasha gari moto kabla wateja hawajafika. Injini ya dizeli iliyochoka husumbua kuwaka ikiwa ya baridi, hutoa moshi, hugongagonga. Ikishapata moto inatulia, na wewe mnunuzi unasifia. Akakataa kuendelea na ukaguzi siku hiyo. Tukarudi Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, mzee akiwa bado amevaa msuli.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo pesa inapopotelea. Prado za rika lile nyingi zina injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye turbo. Ni injini inayopendwa, ina nguvu, na mafundi wanaijua nje ndani. Ila silinda hedi yake ni ya alumini na bloku ni ya chuma, na alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma. Ukiiachia ikachemsha, maana yake rejeta imeziba na wewe unaendelea kukanyaga mafuta kupanda mlima, hedi inaweza kupinda au kupasuka, na gasketi ikaanza kupitisha moshi wa injini kwenye maji. Aliyechemsha hasemi. Anajaza maji, anaosha injini, anauza.

Fundi akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi kabisa (wewe usijaribu ikiwa ya moto, yatakuunguza uso), akaagiza liwashwe. Maji yakaanza kutoa mapovu kama sufuria ya uji. Hayakukoma. Akafungua na mfuniko wa oili kuangalia kama kuna kitu cheupe kama chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Hapo palikuwa safi. "Inaweza kuwa gasketi tu," akatuambia pembeni, "inaweza kuwa hedi yenyewe. Bila kuifungua hakuna anayejua, na mkishaifungua ni yenu."

Akaingia chini. Fremu ilikuwa nzima, kutu ya juujuu tu, na hilo alilisifia kwelikweli, maana fremu iliyoliwa na kutu hairudi. Akakaa kwenye usukani akasukuma ile gia ndogo ya four-wheel. Kwenye Prado hizi magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na hiyo gia ndogo ndiyo ya kufunga difu ya kati na kuingiza ile nguvu ya taratibu, LL, ya kupandia matope. Ikagoma. Inaelekea haijaguswa miaka. Yaani mtu amelimiliki gari la porini na hajawahi kwenda nalo zaidi ya Kariakoo.

Halafu kilomita. Saa inasoma 142,000. Gari la robo karne! Raba ya pedali ya breki ilikuwa imeisha mpaka chuma kinang'aa. Fundi hakubishana na saa, alinionyesha pedali tu.

Kadi nayo ilikuwa na jina la mtu wa tatu. Mzee alinunua, hakuhamisha umiliki, sasa anauza. Hapo kuwa mwangalifu sana. Linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye fremu, angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, na usilipe kitu mpaka mwenye jina apatikane aweke sahihi. Ile ada ya mwaka ya road licence ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mzigo huo angalau haupo. Na herufi ya namba isikudanganye. Hilo lilikuwa namba B, yaani lilisajiliwa Tanzania miaka mingi baada ya kutoka kiwandani.

Hesabu ya usiku

Jioni fundi alituma orodha. Hedi, gasketi na kazi yake, 2,400,000. Rejeta 450,000. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji, laki 5, kwa sababu mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 na hakuna aliyejua ulibadilishwa lini. Ukikatika njiani injini inakwenda nao. Matairi manne ya 265/70 R16, 1,600,000. Shokapu, bushi na boli jointi, 1,250,000. Jumla milioni 6 na laki 2. Ongeza 14, unapata 20 na laki 2. Tulikuwa na 18, na hapo bado uhamisho wa kadi na bima.

Nilitegemea ataanza kubishana na bei za Gerezani, kwamba used zipo, kwamba kuna jamaa yake. Akanyamaza, kisha akasema, "Unakumbuka Aprili 2024?"

Nakumbuka. Mvua zile zilizomwagika karibu nchi nzima. Mama yake alizidiwa, kwao ni juu ya Mlalo, Lushoto. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni lami, kona juu ya kona, IST yetu ilipanda vizuri. Lakini ukishaacha barabara kubwa kuna kilomita kama 6 za udongo mwekundu, na udongo ule ukilowa ni sabuni. Tuliliacha gari chini, tukapanda bodaboda, na kurudi mama yetu alishushwa kwenye bodaboda hiyohiyo, katikati ya dereva na mwanawe, amefunikwa mwavuli uliopinduka. Alipona, tunashukuru. Mimi nilidhani mume wangu ameyasahau, kwa sababu hajawahi kuyazungumza. Wanaume wengine ndivyo walivyo, anabeba kitu mwaka mzima halafu kinatokea kama Prado.

Nilimwomba radhi kwa yale ya baa. Na kwa kuwa usiku huo ulikuwa wa ukweli, ikabidi na mimi niseme langu: nilikuwa na milioni 1 na laki 3 kwenye kikoba cha kazini ambazo hazikuwa kwenye ile 18. Nilikuwa naziita za dharura. "Dharura gani?" akauliza. Sikuwa na jibu zuri. Tukawa droo, kama wanavyosema watu wa mpira.

Tulichukua daftari la mtoto tukaanza kuandika. Kwa mwaka tunakwenda Lushoto mara tatu, siku za matope labda sita. Siku nyingine zote gari lingekuwa kwenye foleni ya Bagamoyo Road likinywa dizeli lita moja kwa kilomita 8 hivi. Mimi nikasema kwa siku 6 bora kukodi. Agosti tulipata mtu wa Lushoto mwenye Land Cruiser akatupandisha na kuturudisha kwa elfu 80. Mume wangu akasema kitu ambacho hadi leo sijakipata jibu: "Mgonjwa hatoi taarifa ya kukodi." Usiku wa manane kwenye mvua, huyo mtu wa Lushoto atapokea simu?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema gari bovu usiguse kabisa. Kuagiza jingine Japani nako kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT na nyongeza ya uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8. Wengi wetu tukiona hesabu ile tunarudi kwa wazee wa Mbezi Beach. Ubovu unaojulikana mwisho wake, matairi, shokapu, bushi, AC, huo ni punguzo la bei kwa anayejua kuomba. Mimi ningelinunua kwa furaha gari lenye matairi yaliyoisha. Kinachonitisha ni ubovu usio na sakafu: injini inayotoa mapovu, gia boksi ya otomatiki inayokawia kushika, fremu iliyooza. Hapo fundi anakupa bei ya kuanzia tu.

Tukarudi kwa mzee na ombi moja. Hedi ifunguliwe, gharama ya kufungua na kuipima presha tulipe sisi. Ikiwa nzima tunatoa 14, ikiwa imepasuka anapunguza milioni 2 na laki 4. Akakataa, akasema wateja wapo foleni. Tukaomba advansi. Alirudisha laki 3, laki 2 akazikata za "usumbufu". Hatukuwa na karatasi, tungemwambia nini? Nyumbani hatukulizungumza tena jambo hilo, na hiyo laki 2 ilitoka kwenye pesa yake ya mfukoni, kwa hiari yake.

Kweli alikuwa na wateja. Wiki mbili baadaye tuliliona pale Mwenge, limepigwa rangi, limewekewa bampa jipya, linakwenda bila wasiwasi wowote. Mume wangu alikaa kimya mpaka Makumbusho. Mimi pia. Labda ilikuwa gasketi tu.

Milioni 18 hazikuwa 18 tena, zilikuwa 19 na laki 3, kwa sababu kikoba changu kimeingia kwenye mfuko mmoja. Tumekubaliana kikomo: gari na matengenezo yake yasivuke milioni 13, kinachobaki kianze kiwanja, na hakuna advansi bila wote wawili kuwepo. Jumamosi hii tuna miadi Tegeta kuangalia RAV4 ya milango mitano. Haina gia ya LL, ila fundi anasema kwa zile kilomita 6, ikiwa na matairi mazuri na dereva asiye na haraka, itapanda. Nimempigia muuzaji mwenyewe, nimemwambia tutafika saa 12 asubuhi na tafadhali asiliwashe.