Taiti, legingi na stokingi si nguo moja

MNUNUZI akifika mnadani na kuulizia taiti, muuzaji mzoefu hakimbilii kumpa nguo. Kwanza humuuliza: ya kuvaa chini ya gauni, ya mazoezi, ya baridi au ya kutokea? Swali hilo dogo humtenganisha mfanyabiashara anayerudi nyumbani na faida na yule anayerudi na mzigo uleule aliotoka nao asubuhi.

Nguo za miguuni za kubana na kuvutika zimekuwa biashara ya kila siku kwa wauzaji wadogo, kuanzia Kariakoo na Karume jijini Dar es Salaam, Mlango Mmoja jijini Mwanza hadi kwenye minada ya vijijini. Hazichukui nafasi kubwa kwenye mfuko, hazihitaji vipimo vingi kama suruali, na mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza na dazani chache.

Tatizo ni kwamba nguo hizo hufanana machoni na mara nyingi huitwa kwa jina moja, taiti au skintaiti. Ndani ya jina hilo zimo bidhaa tano tofauti, kila moja na kitambaa chake, mteja wake, umri wake na bei yake. Asiyezijua hununua moja kwa bei ya nyingine.

Aina tano kwa undani

Ya kwanza ni stokingi. Hii ni nyembamba, huonyesha ngozi na hufunika mguu hadi kwenye vidole. Zipo zinazoishia mapajani na zipo zinazofika kiunoni. Nyingi hufumwa kwa nailoni na spandeksi kidogo. Wateja wake ni wafanyakazi wa ofisini na hotelini, maharusi na wasimamizi wao. Udhaifu wake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, mstari hukimbia mguu mzima na nguo haina kazi tena. Kwa hiyo huuzwa ikiwa kwenye pakiti, na muuzaji haruhusu kila mpita njia aivute kwa kucha.

Unene wa uzi wa stokingi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 15 au 20 ni nyembamba kabisa. Denia 40 huanza kuficha ngozi, na kuanzia 80 kwenda juu ngozi haionekani. Namba hiyo huandikwa kwenye pakiti, na ndiyo ya kuangalia kabla ya rangi.

Ya pili ni taiti nzito yenye soksi. Umbo lake ni kama la stokingi, lakini uzi wake ni mnene na haionyeshi mwili. Hii ni nguo ya baridi. Soko lake liko Njombe, Mbeya, Iringa na Lushoto, hasa kati ya Juni na Agosti, na wateja wakubwa ni akina mama wenye watoto wadogo na wasichana wanaovaa sketi. Anayepeleka mzigo huo Tanga mjini mwezi Januari asishangae ukikaa.

Ya tatu ni legingi. Haina soksi, huishia kwenye kifundo cha mguu, na kitambaa chake ni kizito kiasi cha kuvaliwa na blauzi ndefu, gauni fupi au chini ya baibui. Iliyo bora kwa joto letu ni ya pamba yenye spandeksi kidogo, mara nyingi pamba asilimia 95 na spandeksi asilimia 5. Zipo pia za poliesta na viskosi, ambazo hung'aa na kuteleza zaidi mkononi. Ile fupi inayoishia mapajani au magotini ndiyo wengi huiita skintaiti, na huvaliwa chini ya sketi ili mapaja yasisuguane.

Ya nne ni taiti ya mazoezi. Kwa mbali ni legingi, lakini haina pamba au inayo kidogo sana. Hutengenezwa kwa nailoni au poliesta yenye spandeksi nyingi zaidi, mara nyingi asilimia 15 hadi 25. Mkanda wake wa kiunoni ni mpana, mishono yake imelala bapa ili isikwaruze, na katikati ya miguu huwekwa kipande cha ziada cha kitambaa ili isichanike mtu anapochuchumaa. Gharama yake ni kubwa, na bei yake pia.

Ya tano ni jegingi, yaani legingi yenye sura ya jinzi. Hapa wengi hudanganyika. Jegingi ya kweli imefumwa kwa uzi wa pamba na poliesta wenye spandeksi, ina uzito, na rangi yake imo ndani ya uzi. Ya bei ya chini ni legingi ya kawaida iliyochapwa picha ya jinzi, mifuko na mishono ikiwa imechorwa tu. Namna ya kuitambua ni kuigeuza ndani nje. Ikiwa ndani ni nyeupe tupu, hiyo imechapwa, na rangi yake itaanza kufifia magotini na mapajani inapovutika.

Siri iko kwenye spandeksi

Kinachoziunganisha nguo hizi zote ni uwezo wa kuvutika na kurudi. Nailoni, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont ya Marekani katika miaka ya 1930, ndiyo iliyochukua nafasi ya hariri kwenye stokingi kuanzia mwaka 1940. Mwaka 1958 mkemia wa kampuni hiyo, Joseph Shivers, akafanikiwa kutengeneza spandeksi, uzi unaoweza kuvutwa zaidi ya mara tano ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa.

Mfanyabiashara akikuta lebo imeandikwa spandex, elastane au Lycra, asidhani ni vitu vitatu. Uzi ni uleule. La kwanza ni jina linalotumika Marekani, la pili hutumika Ulaya, na la tatu ni jina la kibiashara. Kinachobeba bei ni asilimia iliyoandikwa mbele ya jina hilo, pamoja na kitambaa kilichobaki.

Uzi huo una maadui wawili wakubwa, joto kali na dawa za kung'arisha zenye klorini. Nguo iliyolowekwa kwenye klorini au kupigwa pasi ya moto hulegea magotini na kiunoni hata kama kitambaa hakijachanika. Muuzaji anayemweleza mteja afue kwa maji ya baridi na kuanika kivulini hujipunguzia malalamiko. Yeye mwenyewe asitundike mzigo wake juani wiki nzima kama tangazo.

Mtihani wa mkono

Lebo zinaweza kukatwa, na nyingine hudanganya. Kwa hiyo inashauriwa kila dazani ifanyiwe majaribio machache kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwanza, ingiza mkono ndani ya nguo na kuivuta kwa upana, kama paja linavyofanya. Kama vidole vinaonekana waziwazi, hiyo si legingi ya kuvaliwa peke yake, hata kama muuzaji wa jumla anaiita hivyo. Jaribu hasa rangi nyeusi, kwa kuwa ikikunjwa huonekana nzito kuliko ilivyo.

Pili, ivute kwa sekunde chache kisha iachie. Nzuri hurudi mara moja. Mbovu hubaki na mawimbi.

Tatu, vuta mshono wenyewe. Uzi ukilia na kukatika, nguo ilishonwa kwa cherehani ya kawaida yenye mshono ulionyooka usiovutika. Nguo ya aina hii huhitaji ovaloku au angalau zigizagi, na sindano yenye ncha butu isiyokata nyuzi. Mafundi wanaotaka kushona legingi wenyewe walizingatie hilo kabla ya kununua kitambaa.

Nne, sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya nguo. Kikichafuka, rangi itahamia kwenye ngozi na kwenye nguo nyingine.

Tano, chomoa uzi uliolegea kwenye pindo na kuuchoma mbali na mzigo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Anayeambiwa nguo ni pamba tupu akaona kidonge, anajua la kufanya na bei.

Hesabu inavyobadilika

Chukulia mfanyabiashara amenunua dazani 5 za legingi, yaani nguo 60, kwa Sh4,000 kila moja. Mtaji ni Sh240,000. Nauli na ushuru ni Sh30,000. Akiuza zote kwa Sh6,000 anapata Sh360,000, na baada ya kutoa gharama anabaki na faida ya Sh90,000.

Sasa chukulia dazani moja kati ya hizo ni nyepesi na inaonyesha mwili. Wateja wanaikataa, naye analazimika kuiuza kwa Sh2,000 kila nguo. Nguo 48 zinampa Sh288,000, zile 12 zinampa Sh24,000, jumla Sh312,000. Faida inashuka hadi Sh42,000. Dazani moja kati ya tano imekula zaidi ya nusu ya faida, na bado hajahesabu wateja ambao hawatarudi kwenye meza yake.

Kwa wanaonunua mitumba, uzito nao ni wa kuangaliwa. Belo la kilo 45 lenye legingi nyepesi za gramu 200 kila moja lina nguo kama 225. Belo la uzito huohuo lenye jegingi za gramu 360 lina nguo 125 tu. Bei ya belo ikiwa sawa, gharama ya nguo moja inatofautiana karibu mara mbili. Mnunuzi aulize kilichomo, si kilo peke yake.

Jambo jingine la kuzingatia ni sheria. Nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku nchini Tanzania, na Shirika la Viwango (TBS) limekuwa likifanya misako na kuziteketeza. Kwa muuzaji wa stokingi na skintaiti za kuvaliwa ndani, njia salama ni kununua mpya. Hasara ya mzigo uliokamatwa hairudishwi na mtu.

Mkulima yuko wapi

Mwezi Mei, msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, fedha huingia vijijini na minada huchangamka. Muuzaji wa taiti huufuata msimu huo. Lakini uhusiano wa mkulima na nguo hiyo hauishii kwenye kununua.

Kilo moja ya pamba mbegu ikichambuliwa hutoa pamba nyuzi zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wake. Legingi ya pamba ya mtu mzima ina uzito wa takribani gramu 150 hadi 250. Hata ukitoa kinachopotea kiwandani wakati wa kusokota na kufuma, kilo moja ya mkulima inatosha kutoa legingi moja, na ikiwa nyepesi, pengine mbili. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijasokotwa, na mkulima huyohuyo hukutana nayo tena mnadani ikiwa nguo.

Hapo ndipo ubora wa shambani unapoingia. Kitambaa cha kufuma ni chembamba na kinavutika, hivyo uchafu mdogo huonekana kirahisi. Kipande cha uzi wa kiroba kikichanganyika na pamba hakishiki rangi, na hubaki kama kovu kwenye nguo. Pamba iliyochumwa safi na kuhifadhiwa bila kuchanganywa na viroba, maji au mchanga ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo.

Kwa mama anayetafuta taiti ya kuvaa chini ya khanga akienda kulima, ushauri ni huohuo. Yenye pamba nyingi hunyonya jasho na haichomi mwili juani. Ile ya nailoni hubaki na joto, na ikikwama kwenye mwiba huchanika haraka. Muuzaji aliyempa iliyo sahihi leo atamwona tena mnada ujao, safari hii akiwa na jirani yake.

Mfanyabiashara anayeanza hana haja ya kubeba aina zote tano. Achague mbili zinazolingana na hali ya hewa na wateja wa eneo lake, azitenge mezani kila moja na jina lake na bei yake, na kila jioni aandike ipi imetoka na ipi imerudi. Mali bila daftari huisha bila habari, na taiti zilizochanganywa kwenye rundo moja huisha hivyohivyo.