Albamu ya Mmoja, Jasho la Wengi

Vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu siku hizi hawasubiri kuwa na bendi. Mmoja ana kompyuta na maikrofoni chumbani. Humwita mzee wa udi, humwita binti mwenye sauti, humwita mpiga ngoma, na baada ya wiki chache albamu imetoka kwa jina lake peke yake. Si kosa. Hivyo ndivyo albamu za msanii mmoja zinavyotengenezwa duniani kote. Tatizo ni kwamba wanaoitwa mara nyingi hawajui wameitwa kama nani, na ugomvi huanzia hapo.

Tuchukue mfano. Stewart Copeland alikuwa mpiga ngoma wa The Police, bendi ya roki ya London. Bendi iliposimama, alifunga safari ya Afrika, na mwaka 1985 akatoa albamu yake, The Rhythmatist. Mgeni wake mkubwa alikuwa Ray Lema, mwanamuziki wa Zaire, ambayo leo ni Congo. Ukiisikiliza, sauti ya Lema ndiyo inayozipa nyimbo nyingi roho. Hata hivyo, jina la mwenye albamu ni Copeland. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyeamua nyimbo zipi ziingie, nani aitwe, na mwisho lawama au sifa zimwangukie nani.

Basi mgeni ana daraja zake. Wa kwanza ni mpigaji wa kukodiwa: analipwa ujira wa siku, anakwenda zake. Wa pili ni mgeni anayetajwa, ambaye jina lake huandikwa kando ya wimbo kwa kuwa linavuta wasikilizaji. Wa tatu ni mtunzi mwenza, aliyetia shairi au sauti ya wimbo. Huyu wa tatu si mgeni tena. Ana hisa katika wimbo, na kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Warithi wake wanahusika.

Kuna na wa nne, asiyeandikwa popote. Katika albamu ile ile ya Copeland mna wimbo uitwao Samburu Sunset, na mwengine uitwao Gong Rock. Kule Moru, Serengeti, lipo jiwe kubwa lenye vishimo, alama za mikono iliyoligonga miaka na miaka ili litoe mlio. Nani waliligonga? Hakuna ajuaye jina hata moja.

Jambo hili lilinijia Kariandusi, karibu na Gilgil, nilipokuwa safarini kwenda Nakuru. Pale, juu ya Ziwa Elementaita, Louis Leakey alichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, akapata mashoka ya mawe ya takriban miaka milioni moja, mengine ya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Kila mgeni huambiwa jina la Leakey. Aliyelichonga shoka, akajua pa kugonga ili jiwe lisipasuke ovyo, hatajwi, wala hawezi kutajwa. Kwa mtu wa zama zile hatuna la kufanya. Kwa mpiga zumari wa Lamu aliye hai, mwenye simu na kitambulisho, udhuru huo hatuna.

Tena kuandikwa jina kuna faida yake, hata ikichelewa. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa, aliwahi kuwa katika Black Savage, bendi ya roki ya Kenya ya miaka ya 1970. Baadaye alihamia Uingereza na nyatiti yake, na mwaka 1993 akatoa albamu yake mwenyewe, En Mana Kuoyo, kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Ndani yake mna Kothbiro, wimbo uliokuwa umeimbwa na Black Savage. Mwaka 2018 Kanye West wa Marekani alichukua kipande cha rekodi ile ya Black Savage akakitia katika wimbo wake Yikes. Majina ya Ogada na mwenzake James Mbarack Achieng yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Ogada alifariki Februari 2019, lakini jina lake limebaki kwenye daftari.

Kwa hivyo ewe mzee wa udi, nawe binti wa sauti, kabla maikrofoni haijawashwa ulizeni mambo manne: naitwa kama nani? Jina langu litaandikwa wapi, na litaandikwa sawasawa? Nalipwa mara moja au nina fungu? Nikitia ubeti wangu, nani mtunzi? Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, na wimbo usajiliwe Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Hata karatasi moja ya daftari la shule ni bora kuliko maneno matupu.

Wako watakaosema kuandikiana ni kutoaminiana. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuandika deni, tena mbele ya mashahidi, na hatukuambiwa tufanye hivyo na wageni pekee. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika albamu mwenyeji hupona kweli, kwa hiyo na mgeni naye apate haki yake. Na wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.