Miwaridi ya vichaka

Miwaridi ya vichaka ni miwaridi ya bustani (jenasi Rosa katika familia Rosaceae) inayoachwa ikue kwa umbo lake la asili, yenye matawi mengi kuanzia karibu na ardhi. Kwa mtazamo wa botania karibu miwaridi yote ni vichaka, lakini watunza bustani hutumia jina hili kuitenga na miwaridi inayokatwa fupi sana kila mwaka ili itoe ua moja kubwa juu ya shina refu lililonyooka. Mwaridi wa kichaka kwa kawaida hufikia kimo cha mita 1 hadi 2, huchanua maua mengi kwa pamoja na huweza kuishi miaka mingi bila kunyunyiziwa dawa. Ndiyo sababu unapendwa katika bustani za familia, hasa zile zinazofuata mtindo wa bustani za vijijini vya Uingereza.

Bustani ya kijijini

Bustani za nyumba ndogo za vijijini Uingereza zilikuwa kwanza bustani za chakula na dawa. Mboga, viungo, miti ya matunda na maua vilipandwa pamoja mahali padogo. Mwishoni mwa karne ya 19 waandishi kama William Robinson na Gertrude Jekyll waliusifu mchanganyiko huo wakipinga mtindo wa wakati wao wa kupanga maua kwa mistari na maumbo ya jiometria. Baadaye mwandishi Vita Sackville-West, aliyenunua Sissinghurst katika wilaya ya Kent mwaka 1930 pamoja na mumewe, alikusanya huko miwaridi ya zamani ambayo wengi walikuwa wameiacha. Hadi leo matawi yake marefu hupindwa na kufungwa kwenye pinde za fito zilizochomekwa ardhini. Tawi lililolazwa hivyo huchipua maua kwenye urefu wake wote, kumbe lililosimama wima huchanua zaidi kwenye ncha.

Kwa nini miwaridi mingine huugua

Watu wengi huamini kwamba mwaridi ni mmea dhaifu usioweza kuishi bila dawa. Sifa hiyo mbaya haitokani na jenasi nzima bali na historia ya kuzalisha aina mpya katika miaka 150 iliyopita.

Miwaridi ya zamani ya Ulaya (gallica, damaski, alba na centifolia) ina harufu nzuri na ni migumu, lakini karibu yote huchanua mara moja tu kwa mwaka, mwanzoni mwa majira ya joto. Uwezo wa kuchanua mara kwa mara uliletwa na miwaridi ya Kichina iliyofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Kutokana na michanganyiko mingi ilipatikana 'La France' ya mwaka 1867, inayohesabiwa kwa kawaida kuwa ya kwanza kati ya miwaridi chotara ya chai, yaani ile yenye tumba refu lililochongoka ambayo watu wengi huona madukani. Kisha Mfaransa Joseph Pernet-Ducher alitumia mwaridi wa manjano wa Uajemi kupata 'Soleil d'Or' mwaka 1900. Rangi ya manjano iliyokolea ilipatikana, lakini pamoja nayo uliingia udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi, na vizazi vilivyofuata viliurithi. Wazalishaji walichagua ua na kuyasahau majani.

Madoa meusi husababishwa na kuvu Diplocarpon rosae. Mbegu zake huota kwenye jani lililokaa na unyevu kwa saa kadhaa. Jani hupata madoa, hugeuka njano na kuanguka, na kuvu hudumu katika majani yaliyoanguka hadi msimu ujao. Hivyo kumwagilia shinani asubuhi badala ya majani jioni, kuacha nafasi ya upepo kupita, na kufagia majani yaliyoanguka ni kinga halisi. Magonjwa mengine ya kawaida ni ubwiri unga na kutu, ambayo pia ni ya kuvu.

Aina zinazofaa

Joseph Pemberton, kasisi wa Kianglikana katika Essex, alizalisha mwanzoni mwa karne ya 20 kundi la vichaka vyenye vishada vya maua laini, kama 'Penelope' (1924) na 'Cornelia' (1925). Bado ni kati ya vinavyofaa zaidi kwa bustani ya aina hii.

Anayejulikana zaidi ni David Austin (1926–2018), mtoto wa mkulima katika Shropshire. Alitaka ua la zamani lenye petali nyingi na harufu, lakini juu ya mmea unaochanua tena na tena. Mwaridi wake wa kwanza kuuzwa, 'Constance Spry' (1961), ulitokana na mwaridi wa gallica na mwaridi wa kisasa wa vishada. Ulikuwa mzuri, ila ulichanua mara moja tu. Ilimbidi aendelee kuchanganya kwa zaidi ya miaka 20 hadi 'Graham Thomas' na 'Mary Rose', ambayo mwaka 1983 ilimpatia umaarufu.

Nchini Marekani William Radler wa Wisconsin alifuata njia nyingine: alikusanya majani yenye madoa meusi, akayakausha na kuyasaga, kisha akayanyunyiza juu ya miche yake ili ibaki ile tu isiyougua. Matokeo yake, 'Knock Out', yaliuzwa kuanzia mwaka 2000 na kuenea sana. Lakini ua lake lina harufu hafifu, na kwa bustani inayotafuta mahaba hiyo si hasara ndogo.

Rosa rugosa, spishi ya pwani za Asia ya Mashariki yenye majani yaliyokunjamana, huvumilia upepo, chumvi na udongo wa mchanga kuliko karibu miwaridi yote. Majani yake huweza kuungua yakinyunyiziwa dawa za kuvu, kwa hiyo ni mwaridi unaodai uachwe. Kwenye pwani za Ulaya ya Kaskazini umetoroka bustanini na kufunika matuta ya mchanga, ukisukuma nje mimea ya asili. Haufai kupandwa karibu na maeneo hayo.

Upandaji na utunzaji

Utunzaji mdogo si kutotunza kabisa. Kazi kubwa iko mwaka wa kwanza. Mwaridi unahitaji jua la saa 5 au 6 kwa siku na udongo mzito kiasi usiotuamisha maji. Uingereza miche isiyo na udongo kwenye mizizi hupandwa kati ya Novemba na Machi, wakati mmea umelala. Mingi imeunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine. Sehemu ya kiungo huwekwa chini kidogo ya uso wa udongo. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo ni la ule mwaridi wa mizizi, na linapaswa kung'olewa, si kukatwa, la sivyo litatawala kichaka chote. Mahali palipong'olewa mwaridi wa zamani hapafai kupandwa mwingine bila kubadilisha udongo, maana mche mpya mara nyingi hudumaa.

Kila mwaka hutandazwa mboji au samadi iliyooza, unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina.

Katika kupogoa ndipo wengi hukosea. Aina zinazochanua mara kwa mara hutoa maua juu ya matawi mapya. Hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu mwishoni mwa majira ya baridi. Aina zinazochanua mara moja hutoa maua juu ya matawi ya mwaka uliopita. Mtu akizipogoa wakati huohuo wa baridi hukata maua ya mwaka mzima, kisha hulalamika kwamba mwaridi wake ni tasa. Hizo hupogolewa baada tu ya kuchanua.

Vidukari hukusanyika kwenye machipukizi mapya majira ya kuchipua. Bustani isiyopuliziwa sumu huwa na wadudu na ndege wanaowala, na baada ya wiki chache idadi yao hushuka. Mimea ya jirani kama lavanda hufunika miguu mitupu ya vichaka. Digitalis, ua refu linalopendwa katika bustani hizi, ni sumu likiliwa, jambo la kukumbukwa penye watoto wadogo.

Watoto na matumizi ya nyumbani

Miiba ndiyo hatari iliyo wazi: vichaka vyenye miiba mingi havipandwi kandokando ya njia. Petali za mwaridi usiopuliziwa dawa huliwa. Matunda yake yana vitamini C nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia watoto wa Uingereza waliyaokota vichakani ili itengenezwe sharubati, kwa sababu machungwa kutoka nje yalikuwa adimu. Vinyweleo vilivyo ndani huwasha, kwa hiyo sharubati huchujwa kwa kitambaa.

Katika nchi za joto

Miwaridi inayolimwa Naivasha, Kenya, kwa kuuzwa nje ni ya mashina marefu, hukuzwa ndani ya nyumba za plastiki na haifanani kimatunzo na vichaka hivi. Katika nyanda za juu karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuulaza mmea, hivyo kupogoa ndiko kunakoupa mapumziko. Miwaridi ya Kichina na ya chai, na vizazi vyake, hustawi huko kuliko gallica, ambayo huhitaji baridi ili ichanue vizuri.

Kichaka kimojawapo cha zamani kinajulikana zaidi na Waswahili kwa harufu kuliko kwa umbo: mwaridi wa damaski, unaolimwa kwenye matuta ya Jebel Akhdar nchini Omani. Maua yake huchumwa alfajiri, kabla jua halijapunguza mafuta yake, na kukenekwa kuwa marashi, ambayo kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki hunyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi.