Maji Yanayokataa Sabuni

Ukishuka kutoka Mbaga au Suji, kwenye milima ya Upare wilayani Same, hadi barabara kuu iendayo Arusha, mengi hubadilika ndani ya muda mfupi. Baridi inakuachia, migomba inakwisha, mkonge unaanza. Na kipande kilekile cha sabuni kilichokuwa kikijaa povu kule juu, sasa unakisugua mpaka mkono unachoka. Watu wa tambarare hawana haja ya maabara kueleza jambo hilo. Husema tu kwamba maji haya yanakataa sabuni.

Wa kwanza kulalamika ni anayefua, kwa kuwa mche wa sabuni humwishia kabla ya nguo. Lakini anayeumia hasa ni anayenyoa ndevu kwa wembe. Nguo ikikosa povu itatakata kwa kufikichwa, shavu halifikichwi. Ni kweli kwamba saluni nyingi za kiume siku hizi zinatumia mashine, ila wembe haujafa. Wapo wazee wasioukubali ubaridi wa mashine, wapo wanaoogopa mashine iliyopita kwenye vichwa vya watu wengi, na wapo vinyozi wanaochonga ndevu kwa mashine kisha wakamalizia kingo kwa wembe mpya. Wote hao wanategemea povu, na miongoni mwa wanaonyoa kwa brashi kuna ubishi wa siku nyingi: sabuni ngumu au krimu? Wengine hukata ubishi kwa kuchanganya vyote viwili. Kikemia hawajakosea. Ila kwa mtu wa Same, mchanganyiko unaanzia kwenye ndoo ya maji, si kwenye kopo la krimu.

Sababu iko chini ya miguu. Eneo la Makanya, wilayani Same, linajulikana kwa jasi, madini laini meupe ambayo huchimbwa na kupelekwa viwanda vya saruji ili saruji isigande kabla fundi hajaipaka. Jasi ni salfeti ya kalsiamu yenye maji ndani yake. Huyeyuka kidogo tu, kama gramu 2 na nusu kwa lita, lakini kwa sabuni hicho kidogo ni kingi mno. Ongeza hapo kwamba tambarare ya Same iko upande wa milima usiopata mvua ya kutosha. Mjini mvua ya mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi, na jua linafyonza maji ardhini kwa kasi, likiacha chumvi nyuma. Kisima kinachochimbwa katika udongo wa namna hiyo mara nyingi hutoa maji yenye kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, na pengine chumvi ya kawaida pia.

Sabuni yenyewe ni chumvi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyeishi miaka 102, alionyesha katika kitabu chake cha 1823 kwamba mafuta yakipikwa na magadi makali huachana na kuwa vitu viwili: glisarini, na asidi za mafuta zilizoshikana na sodiamu au potasiamu. Hizo asidi zilizoshikana ndizo sabuni. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia. Sasa ilete kalsiamu. Chembe moja ya kalsiamu hunyakua vichwa viwili kwa mpigo na kuacha sodiamu iende zake, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena. Ndilo lile ganda la kijivu linalong'ang'ania ukingo wa beseni.

Hesabu yake haina huruma. Maji yaliyoshiba jasi kabisa humeza karibu gramu 9 za sabuni kwa kila lita kabla ya kuruhusu povu. Ndoo ya lita 20 ingekula gramu 180 hivi bure. Visima vingi haviko vibaya kiasi hicho. Maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ambayo bado huhesabiwa kuwa magumu sana, hula kama gramu 37 kwa ndoo. Anayenyoa atasema yeye anatumia vijiko vichache tu vya maji, kwa hiyo hasara yake ni ndogo. Kwa gramu za sabuni ni kweli. Balaa ni kwamba zile punje za sabuni iliyoganda hubaki ndani ya povu na kulipasua, na zilizobaki hushika kwenye nywele za brashi, kwenye wembe na kwenye ngozi.

Kule juu habari ni nyingine. Milima ya Upare imejengwa kwa miamba mikongwe iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ardhini yapata miaka milioni 600 iliyopita. Haitoi kalsiamu kwa urahisi. Mvua inayodondoka kwenye msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400, hutiririka juu ya mawe hayo bila kubeba mengi. Maji ya vijito hivyo, ambayo Wapare kwa karne nyingi wameyakusanya usiku kwenye ndiva, yaani mabwawa yao madogo, na kuyafungulia mashambani asubuhi, ni laini. Mzee wa Vudee akikwambia kwamba sabuni yoyote ni nzuri, anasema kweli ya kijijini kwake.

Turudi kwenye bakuli. Povu la kunyolea ni hewa nyingi iliyofungwa ndani ya maji machache. Kuta za viputo ni nyembamba mno, na maji yake yanashuka muda wote kupitia mifereji midogo ambako kuta zinakutana. Aliyeandika kanuni za mikutano hiyo ni Joseph Plateau wa Ubelgiji, katika kitabu cha 1873: kuta tatu hukutana kwa pembe za nyuzi 120, wala si vinginevyo. Kitabu kilipotoka alikuwa kipofu wa miaka mingi. Watu wa nyumbani kwake walimtazamia viputo, yeye akafikiri. Povu lina adui mwingine mbali na huo mchujo. Hewa ndani ya kiputo kidogo imebanwa zaidi kuliko ndani ya kikubwa, hivyo inapenya ukutani na kuhamia kwa jirani. Vidogo vinakwisha, vikubwa vinavimba, na povu lililokuwa zito dakika mbili zilizopita linakuwa mapovu ya kufulia. Katika hewa kavu ya Same mnamo Septemba, adui wa tatu ni kukauka usoni.

Mbona tuhangaike na povu hata hivyo? Kwa sababu kazi kubwa inafanywa na maji, na povu ndilo linaloyashikilia mahali pake. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa kwa dakika mbili au tatu unavimba karibu asilimia 15 ya unene wake na kukatika kwa nguvu ndogo. Mwaka 2020 Gianluca Roscioli na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science jibu la swali ambalo kila anayenyoa amewahi kujiuliza: chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele mara 50 hivi, sasa kinabutuka vipi? Waligundua kwamba makali hayaliki polepole, bali yanamegeka. Unywele ukipinda na kuugusa wembe kwa ubavu, mahali ambapo chuma chenyewe hakiko sawasawa, kipande kidogo kinachomoka. Wahunzi wa Ugweno, kaskazini mwa Upare, waliofua chuma na kukiuza hadi Uchagani kabla ya wakoloni kuleta chao, wangeuelewa mjadala huo bila mkalimani.

Kwa nywele zetu za kujisokota kuna jambo la ziada. Unywele uliokatwa chini ya uso wa ngozi hukua ukiwa umepinda, ukarudi ndani na kuchoma. Hapo ndipo vile vipele vya ndevu vinapotokea. Kinachovileta zaidi ni kubana ngozi na kurudia wembe palepale mara nyingi. Povu zuri, lenye utelezi, humfanya mtu aridhike na mpito mmoja au miwili. Halitibu vipele, lakini linaondoa sababu moja ya kuvichokoza.

Sasa kuhusu kuchanganya. Mafuta hayafanani. Mafuta ya nazi na ya mise, yaani kokwa za mchikichi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye mkia mfupi. Sabuni yake inayeyuka upesi na kutoa povu kubwa hata kwenye maji baridi, na hata kwenye maji yenye chumvi. Mabaharia waliooga kwa maji ya bahari walitumia sabuni ya nazi kwa sababu hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba povu hilo ni jepesi, halikai, na likizidi linakausha ngozi. Shahamu ya ng'ombe na mawese vina mikia mirefu, ya asidi za steariki na palmitiki. Hizo hutoa povu polepole, lenye viputo vidogo vilivyosongamana, linalosimama. Lakini sabuni ya sodiamu na steariki haitaki kuyeyuka vizuri mpaka maji yafike karibu nyuzi 70, na hakuna uso wa kuvumilia hayo. Dawa ya wataalamu ni kuweka potasiamu mahali pa sehemu ya sodiamu: sabuni inakuwa laini na inayeyuka kwa joto dogo zaidi. Ndiyo maana sabuni ngumu ya kunyolea ya kiwandani mara nyingi ni mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, na krimu ni ya potasiamu kwa sehemu kubwa, pamoja na maji na glisarini inayozuia povu kukauka.

Ukiweka krimu juu ya sabuni ngumu, basi, unaongeza maji, glisarini na potasiamu kwenye uzito wa steariki. Utaratibu hauna ushirikina. Lowesha brashi kwa maji ya moto kiasi, ikung'ute, isugue juu ya sabuni kwa nusu dakika mpaka ishike rojo zito. Tia krimu kiasi cha punje ya harage, zungusha kwenye bakuli, kisha ongeza maji kwa matone. Wengi wanaharibu hapo, kwa kumimina. Likiwa tayari linang'aa, viputo havionekani kwa macho, na ukiliinua kwa brashi linasimama likiinamisha ncha. Likivutana na kukauka shavuni limekosa maji. Likiwa na macho makubwa limezidishiwa. Sabuni ya kuogea ya kawaida, iliyokwanguliwa, inaweza kusimama badala ya sabuni ya kunyolea, na krimu itaificha aibu yake. Ila poda za kuondolea nywele zinazouzwa madukani usizitie humu hata kidogo. Hizo si sabuni; zinavunja viungo vya unywele kwa kemikali kali, na zina masharti yake.

Na sasa maji, ambayo kwa wa Makanya au Hedaru yangetangulia yote hayo. Kuchemsha kunasaidia ugumu wa aina moja tu, ule wa bikaboneti unaoacha ukoko mweupe kwenye birika. Ugumu wa jasi hauogopi moto. Ukichemsha sana maji yanapungua na kalsiamu inabaki, kwa hiyo umeyafanya kuwa magumu zaidi. Magadi yanaishusha kalsiamu chini, na kwa kufulia ni msaada wa zamani na wa bei ndogo, lakini usoni hapana, yanaunguza. Baadhi ya krimu za dukani zina EDTA, kemikali inayoikamata kalsiamu na kuizuia isiguse sabuni; itafute kwenye maandishi ya boksi. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe uliozinduliwa Machi 2025 unaleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na kwa waliokwisha kuunganishwa huenda sabuni ikapata nafuu kuliko ilivyokuwa kwa visima. Kwa wengine, maji bora ya kunyolea yanadondoka bure juu ya bati wakati wa vuli na masika. Dumu moja la maji ya mvua, likifunikwa vizuri, linatosha kunyolea kwa wiki nyingi. Suuza brashi kwa hayohayo, kwa kuwa ukiisuuza kwa maji ya kisima umerudisha kalsiamu kwenye nywele zake.

Anayetaka kuthibitisha achukue chupa tatu zinazolingana: moja ya maji ya mvua, moja ya kijito cha mlimani, moja ya kisima. Aweke sabuni ileile kwa kipimo kilekile, atikise, apange mezani na kutazama kwa dakika tano. Mwalimu wa kemia mwenye somo la ugumu wa maji hahitaji kifaa kingine, na darasa la Same lina chupa ya tatu nzuri kuliko shule nyingi za nchi hii.

Ombi langu ni kwa watengeneza sabuni wadogo, wakiwemo waliofundishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaopika mawese na kostiki majumbani kuanzia Same hadi Mwanga. Jaribuni sabuni ya kunyolea. Punguzeni mawese, ongezeni mise au nazi, badilisheni sehemu ya kostiki soda kwa kostiki ya potasiamu, kwa vipimo vya mizani na si vya kukisia, maana kostiki iliyozidi inaunguza uso. Ikisha kukomaa, msiipime kwa maji ya mvua. Ipimeni kwa maji ya kisima cha Makanya, na ikitoa povu hapo, itatoa popote.